Uji Hacheki

Uji alikaa kitako kwenye majani ya ukingo wa kijito, akakunja mikono yake minene kifuani, akasema neno ambalo hakuna mtu aliyemtarajia kulisema.

"Sicheki."

 Katika chumba cha waongozaji wa katuni, Imelda Ngonyani aliacha kutafuna karanga, akausogelea ukuta wa picha mpaka pua yake ikawa karibu kuugusa. Uji alikuwa kiboko wa kuchorwa, mwenye gauni la njano na tabia ya kupanga kila kitu, mpaka kokoto alizitandaza kwa ukubwa wake. Mbele yake alikuwa amesimama Chachandu, kalunguyeye mdogo mwenye miiba iliyochongoka na ulimi uliochongoka zaidi. Wawili hao hawakufanana hata kidogo. Mmoja alipima kabla ya kukata, mwingine alikata halafu akatafuta cha kupima. Watoto wa nchi nzima waliwapenda kwa sababu hiyo hiyo, na kila Jumamosi saa kumi alasiri walikaa mbele ya kuta zao kuwaangalia wakizozana na kupatana.

Zamani, wazee wanasimulia, katuni ilichorwa kwanza, halafu watu wakaisemea. Siku hizi nani ana subira hiyo. Uji na Chachandu walikuwa na nafsi zao, zilizolelewa humo studio miaka minne, zikikumbuka kila kipindi walichowahi kucheza. Imelda aliwapa kisa tu. Wiki hii kishada chao kilikuwa kimenasa kwenye mti ng'ambo ya kijito, nao wakifuate. Yaliyobaki waliyafanya wenyewe, na Alhamisi walikuwa na mazoezi ili Jumamosi mambo yasiharibike hewani.

Yalikuwa yameharibika tayari. Uji aliogopa maji. Kwenye kipindi cha mwaka wa pili, alichokitunga Imelda mwenyewe, mafuriko yalimchukua mama yake. Siri hiyo aliijua Chachandu peke yake, na leo alikuwa amepanda juu ya jiwe akalitangazia soko zima la kando ya kijito.

"Njooni mwone kiboko anayeogopa maji! Huyu mvua ikidondoka tone moja anaita polisi!"

Soko lote likavunjika mbavu. Chachandu akageuka kungoja jibu, maana ndivyo walivyozoea. Mmoja akirusha, mwingine arudishe. Badala yake Uji akakaa chini.

"Dada Imelda," alisema Lutengano, mkuu wa kipindi, akiingia na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Mnyakyusa mpole, mwenye watoto watano, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. "Mwanao kafanya nini tena?"

"Kanuna."

"Kanunia nini? Si ni watani hao?"

Walikuwa watani kweli. Imelda aliwafanya hivyo kwa makusudi. Yeye Mngoni wa Songea, anayeishi Iringa katikati ya Wahehe, aliujua utani wa makabila tangu tumboni. Alipokuwa anamlea Chachandu alimlisha masaa na masaa ya sauti za watani wakinangana harusini na misibani, Wangoni kwa Wahehe, Wazaramo kwa Wanyamwezi, mpaka kalunguyeye yule akawa na ulimi wa kumwagia watu pilipili. Alitaka watoto wajue kwamba watu wenye tabia zinazogongana wanaweza kuambiana lolote na bado wakala sahani moja. Alijivunia kazi hiyo kuliko yote aliyowahi kuifanya.

"Mpoze," alisema Lutengano.

"Tumwache kidogo, kaka. Labda atarudi mwenyewe."

"Na asiporudi? Unakumbuka lile la kilemba." Imelda alikumbuka. Mwaka jana kipindi cha ugomvi wa kilemba kiliisha marafiki hawajapatana, na wenzi wakachukua kinyongo kile kama kilivyo. Kila mtoto alikuwa na mwenzi wake, mdoli laini wa kulala naye, mwenye nafsi ndogo iliyonakiliwa kutoka kwa mhusika anayempenda. Kipindi kikiisha, alichojifunza Uji wa ukutani walikijua akina Uji wote wa vitandani. Wiki ile mamilioni ya wadoli walinuna, na watoto wao wakanuna, na kuna wazazi waliowatupa wadoli majalalani. "Ni kama kumpa mtoto dawa ya homa," Lutengano aliongeza taratibu. "Humuonei. Unamsaidia alale."

Kupoza hakukufuta kumbukumbu. Nafsi ya kutengenezwa hubeba kila jambo kwa sehemu mbili, tukio lenyewe na uzito wake. Ukipoza, tukio linabaki lilipo, uzito ndio unaondoka. Mezani kwa Imelda kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, kidogo kama kifuniko cha soda. Alikizungusha, shingo upande, mpaka kikakoma.

Ukutani, Uji alipepesa macho. Mikono ikalegea. Akamtazama Chachandu, akacheka kicheko kizuri, cha mviringo.

"Haya bwana, umeniweza!"

Wakashikana mikono, wakakifuata kishada, wakaimba wimbo wa mwisho. Lutengano alipiga makofi. Imelda naye alipiga, ila karanga zilizobaki mfukoni hakuzimaliza.

*

Studio ilikuwa na utaratibu ambao hakuna kampuni nyingine ingeukubali. Mazoezi ya Alhamisi yalipelekwa kwanza kwa wenzi wa nyumbani kwa wafanyakazi, ili kama kuna sumu, ianze kwao. Lutengano ndiye aliyeuweka. Alisema mpishi asiyeonja chakula chake asimpikie mtoto wa mwenzake. Wote walikubali kwa fahari, na kwa sababu mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameonja kitu kibaya.

Kesho yake mchana Imelda alirudi mapema. Alimkuta fundi Kihwele juu ya ngazi, akifunga upya bamba la umeme wa jua lililolegezwa na upepo, na Fides, bintiye Imelda mwenye miaka saba, akiwa chini amemshikia bisibisi. Mdoli wake wa Uji alikuwa amebanwa kwapani.

"Karibu, mtumwa wangu!" Kihwele alipiga kelele kutoka juu. "Nimekuja kuwawashia taa. Wangoni mmezoea kukaa gizani kama popo."

"Na nyie Wahehe mmezoea kupanda juu ya nyumba za watu," Imelda alijibu. "Shuka, usinivunjie paa."

Kihwele alikuwa na haki ya kusema apendalo katika nyumba ile. Gaudensi, mume wa Imelda, alipofariki, ni Kihwele aliyetangulia na jembe makaburini. Alilala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, huku akimsema marehemu kwamba ni Mngoni mvivu, kaona kulima kunakaribia kajiendea zake. Imelda alicheka siku ile, mbele ya jeneza, na kicheko kile ndicho kilichomzuia asipasuke. Kisha watu wengine walipoondoka, Kihwele alibaki anasugua masufuria.

Kwa hiyo Kihwele alipomgeukia Fides, Imelda hakumzuia. Hakuwahi kumzuia. Fides alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema, na tangu msiba kilikuwa kimezidi. Kihwele alikuwa na mzaha wake mmoja kwa jambo hilo.

"Hebu nambie, binti, leo shule mmesoma nini? Au redio bado inakwama? Imelda, lete nyundo niigonge!"

Siku zote hapo Fides aliinamisha kichwa, akaenda chumbani kumnong'oneza mdoli wake. Siku zote Imelda alimfuata, akamwambia, "Usinune, mama. Huyo ni mtani wetu. Cheka tu." Na Fides hakucheka.

Safari hii alicheka. Kicheko kizuri, cha mviringo.

"Haya bwana, umeniweza!"

Kihwele karibu aanguke na ngazi. Yale maneno yalikuwa yametoka moja kwa moja, bila kukwama mahali popote. "Umemsikia? Imelda, umemsikia mtoto? Amepona!" Alishuka mbio, akambeba Fides juu juu, akaselebuka naye uani. Imelda alisimama mlangoni na mkoba begani, machozi yanamtoka, na yalikuwa ya furaha. Nani angemlaumu? Miaka yote aliomba kusikia sentensi moja kamili.

Alipika wali na kuku kusherehekea. Fides aliungua ulimi na mchuzi.

"Pole, mama. Umeungua?"

"Haya bwana, umeniweza!"

Imelda alitabasamu. Alimuuliza kuhusu yule rafiki yake aliyehama shule wiki ile, ambaye juzi tu alimlilia mpaka akalala na viatu. Fides alicheka. Haya bwana. Imelda aliweka kijiko chini.

Walikuwa na desturi yao wawili, kabla ya kutoa vyombo. Imelda alimuuliza kama amemkumbuka baba, na kila mmoja alitaja kitu kimoja. Viatu vyake vya mpira. Namna alivyokohoa kabla ya kusali. Fides alichukua muda mrefu kutamka, lakini hakukosa hata siku moja.

"Umemkumbuka Baba leo?"

Mtoto alimwangalia usoni, akacheka, kicheko kile kile, kwa urefu ule ule. Macho yake hayakuwa na kitu. Imelda alimvuta binti yake kifuani, akamshikilia, na Fides aliendelea kucheka begani kwake kwa heshima na adabu mpaka alipoambiwa basi.

*

Jumamosi Imelda alifika studio kabla ya wote. Aliufungua ukuta, akamwita Uji peke yake, bila mandhari, bila kijito. Kiboko alisimama katika weupe mtupu akilainisha gauni lake.

Imelda alikirudisha kitufe. Alikirudisha polepole, kwa sababu uzito unaorudi kwa mkupuo huumiza. Uso wa Uji ulianza kubadilika. Alikaa chini.

"Nilicheka," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nataka kulia, halafu nikacheka. Nani alicheka?"

Imelda alikuwa amefundishwa majibu ya kuwapa. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalikwepa. "Mimi," alisema. "Nilikuchekesha mimi. Nisamehe, mwanangu."

Uji alilainisha pindo la gauni lake. Yeye hakuwahi kujibu kitu haraka. "Leo utanichekesha tena?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Imelda hakuwa mjinga, aliijua mizani. Upande mmoja kulikuwa na kiboko wa rangi na hesabu, ambaye kuna wasomi waliosema hahisi lolote. Upande huo huo kulikuwa na mamilioni ya watoto ambao jioni wangejifunza kucheka pale wanapoumia. Upande wa pili kulikuwa na watoto hao hao, na usiku wa vilio, na mkate wake yeye. Na kulikuwa na Fides, ambaye alikuwa amesema sentensi kamili. Akimwacha Uji na uzito wake, sentensi ile ingeondoka. Kigugumizi kingerudi, na aibu yake, na kunong'ona chumbani. Mama gani anamrudishia mwanawe maumivu kwa mkono wake mwenyewe?

"Wewe unataka nini?" aliuliza.

"Nataka Chachandu ajue ameniumiza. Sitaki afukuzwe. Ni rafiki yangu."

"Anajua ni utani."

"Utani ni nini?" aliuliza Uji, na hakuwa anabisha, alitaka kujua. Imelda alifungua kinywa amweleze, akakumbuka masufuria. Kihwele amepiga magoti ndani ya jivu, mikono myeusi mpaka viwikoni, watu wote wameshaondoka. Katika sauti zote alizomlisha Chachandu hakukuwa na sauti ya mtu anayesugua sufuria. Alichukua ulimi wa watani akaacha mikono yao. Alimpa kalunguyeye ruhusa ya kusema lolote, hakumpa kaburi la kuchimba.

Angeweza kumwongezea sasa hivi. Kitufe cha pili kilikuwa pale pale, na huruma ya kumtosha Chachandu ilikuwa ghalani. Mkono ulimwasha. Lakini huko nako kungekuwa kumchekesha mtu, kwa njia nyingine tu.

"Sitakuchekesha," alimwambia Uji. "Wala yeye sitamgusa. Mtajuana wenyewe."

Saa kumi ilipofika Chachandu alipanda juu ya jiwe lake, akatangaza, soko likacheka. Uji alikaa kitako.

"Sicheki," alisema, na nchi nzima ikasikia.

Lutengano aliinuka kitini. "Dada, mpoze."

Imelda aliweka mikono yote miwili mapajani.

Ukutani Chachandu alirusha mzaha mwingine, kuhusu beseni. Uji alibaki kakunja mikono. Akarusha wa tatu, mdogo zaidi, na sauti ikamfia njiani. Miiba ikalala.  "Sasa nifanyeje?" aliuliza, na hata Imelda hakujua.

"Imelda, nakuomba. Watoto wanaangalia!"

"Waache waangalie, kaka. Mwanangu jana nilimuuliza kuhusu baba yake akanicheka. Wako watano walikuambia nini jana?"

Lutengano alimkodolea macho. Kuna kitu kilipita usoni mwake, na Imelda alijua kwamba hata yeye alikuwa amekisikia kicheko kile nyumbani, mara tano, akakiita furaha. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono. Alikata matangazo, akaweka kipindi cha zamani, na wimbo wa mwisho ukaanza kuimbwa na marafiki waliokuwa hawajagombana bado. Simu zikaanza kulia chumba kizima. "Nenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Jumatatu wakubwa watakuita. Sidhani kama nitaweza kukusaidia."

*

Alipofika, Kihwele alikuwa uani akikunja nyaya, na Fides amekaa kwenye ngazi ya mlango na mdoli mapajani. Imelda hakuhitaji kuuliza kama mwenzi ameshapokea kile kipande kilichorushwa kabla ya kukatwa. Alimwona binti yake alivyoinamisha kichwa.

"Mtumwa wangu karudi!" alisema Kihwele. "Tangu uondoke nahangaika na huyu. Jana katoa hotuba, leo tena kimya. Binti, hiyo redio imekwama upya? Nilete nyundo?"

Fides aliinua uso.

"S-s-s..." Kidevu kilimtetemeka. Alifumba macho, akaanza upya. "S-si... si-sicheki."

Kihwele alitabasamu, akamgeukia Imelda, akingoja. Alikuwa anangoja yale maneno ya siku zote. Usinune, mama, huyo ni mtani wetu. Alikuwa amemchimbia mumewe kaburi, na kwa miaka miwili Imelda alimlipa kwa maneno hayo, kila mara kutoka mfukoni kwa mtoto.

Imelda alikaa kwenye ngazi, pembeni ya binti yake, akanyamaza.  Hakuwa na uhakika hata na alichokisikia. Sicheki lilikuwa neno la Uji. Jana alimtia mtoto kicheko kinywani, leo amemtia kununa, na vyote viwili alivipika yeye pale studio, Gangilonga. Huenda Fides mwenyewe hakuwa amesema kitu bado.

Tabasamu la Kihwele lilififia. Aliwatazama wote wawili. Akaweka nyaya chini.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" aliuliza.

Fides alifungua kinywa. Sauti ilikwama, ikakwama tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Imelda aliliona neno likihangaika na akatamani kulimalizia, akauma midomo. Kihwele hakumsaidia wala hakutania. Alipiga magoti kwenye vumbi la ua, magoti yale yale, akamtazama mtoto usoni, akakaa hivyo.

Ilichukua muda mrefu sana.

"B-Baba," alisema Fides mwishowe, "a-a-alikuwa a-ana... ananisubiri n-nimalize."

Hilo Uji hakulijua.